Bawa la Paraglaida la Mtumba: Namna ya Kulikagua Kabla ya Kuruka Iten

Bawa la kwanza la rubani wa paraglaida, anayeruka bila injini akining'inia chini ya bawa la kitambaa, huku kwetu mara nyingi huwa la mtumba. Limeruka Ulaya miaka kadhaa, limefika Iten, ukingoni mwa Bonde la Kerio nchini Kenya, na mgeni wa msimu wa kiangazi, na mgeni anapofunga virago analiacha kwa bei ambayo kijana wa Eldoret, Nakuru au Kisumu anaweza kujikusanyia. Hapo hakuna ubaya. Ubaya huanza pale mnunuzi anapouliza swali moja tu, "Ni la daraja gani?", akajibiwa "A", na pesa zikatoka.

Herufi hiyo ilipewa bawa jipya lenye kamba za urefu wa kiwandani, likirushwa na rubani wa majaribio katika hewa tulivu juu ya maji. Bawa ulilotandaziwa kwenye nyasi limepigwa jua, limevutwa, limelowa na kukauka mara nyingi, na wewe unataka kulipeleka kwenye hewa nyepesi na yenye vurugu ya Bonde la Kerio. Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kufundishwa na mwalimu na ambaye sasa anatafuta bawa lake. Kama bado hujafundishwa, anza kwa mwalimu, ununuzi utakungoja.

Kwanza, ielewe lebo

Fungua bawa katikati, uchungulie ndani ya chumba cha kati (bawa limegawanywa vyumba vinavyojaa hewa) au ukutani mwake. Utakuta lebo yenye jina la bawa, namba yake, mwaka wa kutengenezwa, uzito linalobeba na daraja lake. Lebo ikiwa imekatwa au haisomeki, biashara iishie hapo.

Kiwango kinachotumika kwa wingi ni EN 926 cha Ulaya. Sehemu yake ya kwanza hupima nguvu: bawa hufungwa kwenye gari na kuvutwa mpaka ithibitike kwamba litahimili mara nane ya uzito wa juu kabisa linaoruhusiwa kubeba. Sehemu ya pili hupima tabia: rubani wa majaribio hulikunja upande mmoja kwa makusudi, hulikunja mbele, hulifanya liache kuruka, hulizungusha, kisha huandika linavyojirudisha lenyewe. Linalojirudisha kwa upole bila msaada wa rubani ni A. B linadai rubani anayeruka mara kwa mara. C na D ni ya watu waliozoea bawa kukunjika na ambao mikono yao inajua la kufanya kabla akili haijauliza.

Umbo ndilo linaloleta tofauti hizo. Gawanya mraba wa urefu wa bawa, ncha hadi ncha, kwa eneo lake, nawe utapata namba ya wembamba wake. Mabawa ya A huwa karibu na 5 au chini kidogo, ya B hukaribia 5.5, ya C hupita 6, na ya mashindano hufika 7 na zaidi. Bawa jembamba huteleza mbali, na hapo ndipo utamu wake ulipo, lakini likikunjika ncha zake ndefu zinaweza kunasa katikati ya kamba, na rubani hubaki akizunguka na upande mmoja uliofungwa. Mabawa membamba pia hupunguziwa kamba ili yasishikwe na upepo. Mabawa mengi ya safu mbili za kamba hayawezi hata kufanyiwa majaribio ya kukunjwa bila kuongezewa kamba maalumu, na kamba hizo hazimo katika bawa linalouzwa. Kwa hiyo likikunjika kwa hewa halisi huenda lisifanye kama lilivyofanya siku ya majaribio.

Wanaodhani haya ni maneno ya kutisha wanaoanza wakumbuke mashindano ya dunia ya Piedrahíta, Hispania, mwezi Julai 2011. Marubani wawili walikufa, mashindano yakasitishwa, na shirikisho la michezo ya angani la kimataifa, FAI, likayazuia mabawa ya mashindano yaliyokuwa hayajapitia vipimo vya madaraja. Baadaye yaliundiwa kiwango chao, CCC. Waliokuwa wakishindana pale walikuwa miongoni mwa marubani bora duniani.

Ushauri wangu kwa Kerio ni huu, na siutoi nusunusu: misimu yako miwili ya kwanza, A, au B ya upande wa chini ambayo mwalimu wako anaijua. Muuzaji akikwambia "hili ni C lakini limetulia", mwache alirudishe begini.

Piga hesabu ya uzito wako wa angani

Kilo zilizo kwenye lebo ni za kila kitu kinachoinuka kutoka ardhini: mwili, nguo, viatu, kofia, kiti, parachuti ya akiba, redio, maji na bawa lenyewe. Mtu wa kilo 66 mwenye vifaa vya kilo 18 huruka akiwa na 84. Bawa la kilo 75 hadi 95 linamfaa. La 85 hadi 105 ni kubwa mno kwake, hata likiwa A la mwaka jana.

Hili linawapata sana vijana wa huku, maana wengi ni wembamba na mabawa mengi yanayoletwa yalikuwa ya wanaume wazito. Bawa lisilojazwa uzito huenda polepole, hurushwarushwa na mikondo ya hewa inayopanda na hukunjika kwa urahisi zaidi. Kuzidisha uzito nako ni hatari, maana kila kitu hutokea kwa kasi na ukali kuliko ilivyopimwa. Kwa hewa ya Kerio, lenga katikati au juu kidogo ya katikati. Usikadirie. Vaa vifaa vyote, panda kwenye mizani ya posho mill au ya kahawa, na usome namba.

Hewa ya Iten si hewa ya maabara

Maabara moja mashuhuri ya kupima mabawa iko Villeneuve, Uswisi, ukingoni mwa Ziwa Geneva, mita 372 kutoka usawa wa bahari. Hata Ziwa Victoria pale Kisumu liko juu zaidi ya hapo, kama mita 1,134. Iten iko karibu mita 2,400.

Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi, na bawa hulazimika kwenda kasi zaidi ili libebe uzito uleule. Ukichanganya kimo na joto la nyuzi 22, kasi halisi huongezeka kwa takriban asilimia 17 kuliko pwani. Bawa linaloruka kilomita 38 kwa saa baharini litakupitisha juu ya ukingo wa Iten kwa kilomita 44 hivi. Chini bondeni, kwenye mita 1,100 na joto la nyuzi 32, bado utatua kwa kasi inayozidi ile ya baharini kwa kama asilimia 10. Mikononi hutahisi tofauti, kwa sababu breki, yaani kamba unazovuta kwa mikono kushusha ukingo wa nyuma wa bawa, hujibu vilevile. Miguu ndiyo itakayoijua. Na bawa likikunjika, mita litakazopoteza kabla ya kujirudisha ni nyingi kuliko zile alizozoea mwenye bawa kule kwao.

Hii ndiyo sababu nyingine ya kushuka daraja moja chini ya lile unalodhani unaliweza.

Kagua kitambaa

Chagua siku kavu na uwanja wenye nyasi fupi. Tandaza bawa tumbo juu, kisha mgongo juu. Kitambaa ni nailoni nyembamba yenye miraba ya nyuzi nene za kuzuia mpasuko usienee, na imepakwa utando unaoziba hewa isipenye. Utando huo ndio huchakaa kwanza, hasa kwa jua. Jua la Ikweta kwenye kimo cha Iten ni kali, na bawa linaloachwa wazi mchana kutwa likisubiri upepo huzeeka haraka likiwa limetulia chini.

Kitambaa kikianza kupitisha hewa, shinikizo la ndani hupungua. Bawa hupanda kwa uvivu wakati wa kuondoka, na huko juu huwa tayari kuacha kuruka. Wakaguzi hulipima kwa kifaa kinachohesabu sekunde ambazo robo lita ya hewa huchukua kupenya kitambaa. Kitambaa kipya huchukua mamia ya sekunde. Kikishuka hadi karibu sekunde 15, wakaguzi wengi hulistaafisha bawa. Mwombe muuzaji cheti cha ukaguzi wa mwisho. Watengenezaji wengi hutaka ukaguzi kila baada ya miaka miwili au saa 100 hivi za kuruka, kwa hiyo mtu aliyelitunza bawa lake atakuwa nacho.

Bila kifaa, weka kitambaa kwenye midomo na ujaribu kuvuta hewa. Anza na ncha ya bawa, ambayo huchakaa kidogo, kisha ujaribu mgongo wa katikati, karibu na ukingo wa mbele. Ukisikia tofauti kubwa, umepata jibu la awali, ingawa kipimo hiki hakiwezi kukuhakikishia kwamba bawa ni zima.

Kisha ingiza kichwa kwenye midomo ya vyumba, kimoja baada ya kingine, uchungulie kuta za ndani. Mpasuko wa ndani hauonekani kutoka nje, na mara nyingi hutokana na bawa kudondoka kwa ukingo wa mbele. Pinda vijiti vya nailoni vya ukingo huo uone kama vinarudi sawa. Tafuta panzi wakavu: panzi aliyekunjwa ndani hutafuna kitambaa, na mdomo wake huacha tundu. Tafuta mashimo ya miiba ya migunga ya bondeni. Tundu dogo lililo mbali na mshono huzibwa kwa kibandiko cha kitambaa cha aina hiyohiyo. Mpasuko unaogusa mshono au mahali kamba inaposhikia ni kazi ya karakana inayotambuliwa na mtengenezaji. Fundi wa cherehani wa sokoni anaweza kushona vizuri kupita wengi, lakini uzi na sindano yake havikupimwa kwa kazi hii.

Kamba: hapa usiharakishe

Ningelazimika kuchagua jambo moja tu la kukagua, ningechagua urefu wa kamba. Bawa lenye kitambaa kinachong'aa na kamba zilizobadilika urefu ni hatari kuliko bawa lililofifia rangi lenye kamba sahihi, na jicho haliwezi kukuonyesha tofauti.

Kamba za mbele, safu za A na B (herufi hizi ni za safu za kamba, si za daraja), hubeba sehemu kubwa ya uzito, kwa hiyo baada ya saa nyingi hurefuka kidogo. Za nyuma, C, D na breki, hubeba kidogo. Kama ni za Dyneema, aina ya uzi wa plastiki imara, hulowa, huingia vumbi, hukauka na kunywea. Matokeo yake mbele ya bawa huinuka na nyuma huvutwa chini. Rubani hajashika breki, lakini bawa linaruka kana kwamba ameshika. Kasi hupungua, na siku moja, baada ya kukunja masikio (kukunja ncha za bawa ili ushuke haraka) au kupita ukingoni mwa mkondo, linaacha kwenda mbele. Juu limefura kama kawaida, bila mkunjo wowote, nalo linashuka wima.

Kamba za aramidi, aina nyingine ya uzi imara, hazibadiliki urefu sana, ila huchoshwa na kupindwapindwa na jua. Za Dyneema huvumilia kupindwa lakini joto huziharibu upesi. Kijinga cha sigara kikigusa moja, hiyo ni ya kubadilishwa.

Anza kwa vidole. Pitisha kila kamba katikati ya kidole gumba na cha shahada, kuanzia mkanda unaounganisha kamba na kiti hadi kitambaani. Unatafuta mahali palipovimba, palipokonda, ala iliyochanika, fundo au ugumu usio wa kawaida. Kazi hii huchukua muda. Muuzaji akikuharakisha, ahirisha.

Baada ya hapo, pima. Pakua kitabu cha bawa hilo kwenye tovuti ya mtengenezaji. Ndani yake mna jedwali la urefu wa kila kamba. Mahitaji yako ni mtu wa pili, kigingi imara, mizani ya kuning'iniza ya ndoano na utepe wa chuma au kipimo cha leza. Fungia mkanda kwenye kigingi. Vuta kila kamba kwa nguvu ya kilo 5, kila mara ileile, na mwenzako asome urefu hadi kitambaani. Andika kwenye daftari, upande wa kushoto na wa kulia sambamba.

Soma daftari kwa mpangilio huu. Linganisha kushoto na kulia: kamba pacha zikipishana zaidi ya milimita 10, bawa litavuta upande mmoja, na lazima ujue kwa nini. Kisha linganisha na jedwali, lakini usiishie kwenye kamba mojamoja. Tazama safu. Kama A zote zimerefuka milimita 8 na C zote zimepungua milimita 15, mbele na nyuma zimepishana kwa milimita 23, pembe ya bawa dhidi ya hewa imebadilika, na hata kama kila kamba ikitazamwa peke yake inaonekana kasoro ndogo, bawa hilo lisiruke. Karakana inaweza kurekebisha kwa kuongeza vitanzi kwenye mikanda au kubadilisha kamba zote. Ulizia gharama hiyo kabla ya kukubaliana bei, pamoja na nauli ya kulituma nje ya nchi. Bei nzuri ya Iten mara nyingi huyeyukia hapo.

Mwisho kabisa, breki. Mikono ikiwa juu, kamba za breki zinapaswa kulegea na kupinda kidogo nyuma, na kuwe na sentimita 5 hadi 10 za kuvuta kabla ukingo wa nyuma haujaanza kushuka. Marubani wengine hufupisha breki ili bawa "lisikie haraka". Mwenye bawa wa kwanza akiwa amefanya hivyo, zirudishe kwenye alama ya kiwandani.

Jaribio la ardhini

Tafuta uwanja mpana mbali na ukingo wa escarpment, yaani ukuta wa bonde. Nasisitiza mbali, kwa sababu upepo wa mashariki unaopanda ukutani pale Iten huongezeka ghafla jua linapopamba moto, na bawa lililofura humbeba mtu asiyekuwa na nia ya kuruka. Vaa kofia na viatu. Upepo wa kilomita 10 hadi 15 kwa saa unatosha.

Inua bawa kwa mikanda ya A bila kulivuta kwa nguvu. Bawa zima hupanda moja kwa moja hadi juu ya kichwa. Linalosita nusu njia, likaning'inia nyuma yako ingawa hujagusa breki, linakuonyesha dalili ileile uliyoitafuta kwenye daftari. Rudia ukiwa umetazama bawa, kisha ukilipa mgongo. Achia breki kabisa na uone kama linakaa juu au linarudi nyuma. Mwalimu wako naye alishike na atoe maoni yake kabla hujamweleza yako.

Kiti na parachuti ya akiba

Usinunue kiti chenye mshono uliofumuka au vifungo vyenye kutu. Parachuti ya akiba ifunguliwe na kukunjwa upya na anayejua. Mwaka mmoja ndio muda mrefu zaidi wa kukaa bila kukunjwa upya, na miezi sita ni bora. Kiwango cha EN 12491 hakiruhusu ishuke kwa kasi inayozidi mita 5.5 kwa sekunde, lakini kwenye hewa ya Iten hiyo hiyo hukaribia 6.4. Kwa hiyo nunua inayobeba uzito zaidi kidogo ya wako, na ukiwa umening'inia kwenye kiti, jizoeze kulipapasa shikio lake ukiwa umefumba macho.

Safari ya kwanza

Iwe asubuhi, kabla ya mikondo kuamka, na mwalimu akiwa kwenye redio. Mwenzako mwingine awe bondeni, upande wa Biretwo au popote mlipokubaliana kutua, akikuonyesha upepo wa chini. Usipange kufika Kabarnet, ng'ambo ya bonde, siku hiyo.

Ondoka, nenda moja kwa moja mbali na ukuta wa mawe, na ukishapata nafasi kubwa chini yako, inua mikono hadi breki ziachwe kabisa. Sikiliza upepo usoni. Bawa lenye urefu sahihi wa kamba huongeza kasi na mlio wa upepo hupanda. Usikunje masikio katika safari hii, kwa sababu masikio huongeza pembe ya bawa, na bawa lenye kasoro linaweza kukwama hapo. Majaribio makali yana mahali pake: juu ya maji, kwenye kozi maalumu, mashua ikisubiri.

Upepo usoni ukitulia ghafla, ukaanza kuhisi hewa ikija kutoka chini ya miguu na breki zikawa laini, bawa limeacha kuruka hata kama juu linaonekana zuri. Mikono juu kabisa. Kanyaga kanyagio la kasi, au sukuma mikanda ya A mbele, mpaka lichukue mwendo. Usigeuke na usivute breki upande wowote, maana linaweza kuanza kujizungusha. Ukiwa karibu na ardhi, bana miguu pamoja, legeza magoti na ujiandae kubiringika. Baada ya tukio kama hilo bawa halirudi hewani mpaka lipimwe upya.

Tua kabla ya joto la mchana, kwa sababu bonde likishachemka vimbunga vya vumbi huinuka bila taarifa kwenye sehemu tupu zinazovutia kutua.

Ukilikataa

Mwambie muuzaji ulichokipata, na umwonyeshe daftari. Wengine huwa hawajui, na watashukuru. Waambie pia marubani wenzako namba ya bawa hilo, ili lisihamie kwa kijana mwingine wa Tambach wiki ijayo kwa bei iliyoshuka.

Na kama bawa ni lako tayari, na karakana imeshasema limekwisha, usiliuze kwa "mtu wa kufanyia mazoezi ya ardhini tu". Mazoezi ya ardhini hufanyiwa uwanjani leo na ukingoni kesho. Kata kamba zote kwenye mikanda, chana lebo, halafu kitambaa umpe yeyote anayetaka kufunikia mahindi au mbuzi.